Kumpunja kifaranga leo ili kuku avumilie joto kesho: ushauri huu una ukweli kiasi gani?

Kila msimu wa joto unapokaribia, kuna ushauri ambao huanza kuzunguka kwa wafugaji wa kuku wa nyama: "Wabanie chakula mapema, watakuja kuvumilia joto." Mfugaji wa kwanza akiusikia anaelewa kwamba vifaranga wakishushwa tu kutoka kwenye maboksi wapewe maji ya glukosi, chakula kisubiri kesho. Wa pili anaelewa kwamba vyombo vya chakula viondolewe bandani kila siku kabla jua halijawa kali. Wa tatu anakasirika. Amenunua vifaranga wakue haraka, sasa anaambiwa awashindishe njaa?

Wote watatu wanatumia maneno yaleyale, "kubana chakula", na kila mmoja ana jambo lake kichwani. Wa kwanza anakosea, tena kosa la gharama. Wa pili yuko sahihi, ila anachokifanya si kile ambacho ushauri ule ulianzia. Hasira ya wa tatu inaeleweka, lakini kuna utafiti wa miaka mingi ambao ungemshangaza.

Tuanze na joto lenyewe, maana bila kulielewa, habari ya chakula itabaki kuwa kama uganga.

Tangi lenye mabomba mawili

Kuku anazidiwa na joto pale anapoingiza joto jingi kuliko analoweza kulitoa. Mfikirie kama tangi lenye bomba la juu linaloingiza maji na bomba la chini linaloyatoa. Tangi likifurika, ama bomba la juu limefunguliwa mno, ama la chini halitoi vya kutosha. Siku ya joto kali, wengi wetu hushughulika na bomba la chini: tunafungua mapazia ya banda, tunawasha feni, tunamwagia maji paa. Ni sawa kabisa. Bomba la juu, ambalo ni chakula, hatuligusi.

Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, juu kuliko letu. Hana tezi za jasho, na amevaa koti la manyoya asiloweza kulivua. Kuku wa nyama aliyekua anajisikia vizuri zaidi hewa ikiwa kati ya nyuzi 18 na 24 hivi. Hapo hahitaji kufanya lolote. Joto linamtoka lenyewe kwenda kwenye hewa, kama kikombe cha chai kinavyopoa mezani. Lakini chai hupoa kwa sababu chumba ni baridi kuliko chai. Hewa ya bandani ikifika nyuzi 35, tofauti kati ya kuku na hewa inabaki nyuzi sita au saba tu, na bomba la chini linaanza kutiririka kidogokidogo.

Hapo ndipo anapoanza kutweta. Mdomo wazi, shingo inapigapiga, mabawa ameyaachia yakae mbali na mwili. Kuna wanaokimbilia dawa ya mafua wakimwona hivyo. Kama ni mchana wa joto na kundi zima linafanya hivyo, bila makamasi wala kukoroma, hicho si kifua; ni kuku anayegeuza maji ya mwili wake kuwa mvuke ili mvuke uondoke na joto. Ni njia nzuri, ila ina masharti. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, mvuke hauondoki kirahisi, ndiyo maana nyuzi 32 za mahali penye unyevu zinaweza kuua kuku ambao wangevumilia nyuzi 35 za mahali pakavu. Kutweta kwenyewe ni kazi ya misuli, na kazi ya misuli inazalisha joto. Isitoshe, anapohema hivyo anatoa hewa ya ukaa kuliko inavyotakiwa, na damu yake inaelekea upande wa alkali. Chumvichumvi za mwili, hasa potasiamu, zinapotea kwenye mkojo. Ndiyo sababu ya zile pakiti za chumvi za kuchanganya kwenye maji ya kunywa siku za joto. Glukosi peke yake haizibi pengo hilo.

Joto la ndani ya mwili likipanda hadi nyuzi 46 au 47, kuku anakufa. Kutoka 42 mpaka 46 si safari ndefu.

Kwa nini kuku wa nyama zaidi ya wengine? Jibu liko kwenye mizani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walifuga pamoja nasaba tatu za kuku: moja iliyohifadhiwa tangu 1957, nyingine ya 1978, na ya kibiashara ya 2005. Chakula kimoja, matunzo mamoja. Wakiwa na siku 56, wale wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Kuku yule wa leo amebeba mwili mara nne na zaidi ya babu yake kwa umri uleule. Misuli imekimbia, moyo, mapafu na eneo la ngozi la kupoozea havikukimbia kwa kasi hiyo. Bomba la juu limepanuliwa mara kadhaa, la chini limebaki karibu na lilivyokuwa.

Chakula ni kuni

Ukishakula chakula kizito mchana, unajua mwenyewe mwili unavyopata joto. Kuku ni hivyohivyo. Kusaga, kumeng'enya, kufyonza na kujenga nyama ni kazi zinazotoa joto, na joto hilo hutoka kwa kila kuku bandani. Kabla jua halijafanya lolote, banda la kuku elfu moja waliokula lina majiko elfu moja yanayowaka.

Vyakula havifanani kwa hili. Protini hutoa joto jingi zaidi inapomeng'enywa na kutumika, wanga unafuata, na mafuta yako chini kabisa. Kwa hiyo yule anayemwaga mashudu ya ziada, yenye protini nyingi, kwenye chakula msimu wa joto "ili wapate nguvu" anaongeza kuni. Wachanganyaji wazuri hufanya kinyume chake: wanapunguza protini isiyo na kazi, wanahakikisha zile asidi amino muhimu, yaani vijenzi vya protini, zipo za kutosha, na wanahamishia sehemu ya nishati kwenye mafuta.

Joto la chakula pia halitoki papo hapo. Linapanda taratibu na kuendelea kwa saa kadhaa baada ya kula. Kuku aliyejaza gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, saa 4 asubuhi anakuwa kwenye kilele cha kuchoma chakula chake wakati ambapo jua nalo liko kileleni. Mioto miwili inakutana saa 8 mchana.

Hapa ndipo mfugaji wetu wa pili alipo, na mimi namuunga mkono. Kuku waliokaribia kuuzwa, siku inayotarajiwa kuwa na joto kali, waondolewe chakula kama saa sita kabla ya kilele cha joto. Kama kilele ni saa 8 mchana, vyombo vinyanyuliwe saa 2 asubuhi na virudishwe jioni hewa ikishapoa, kisha wapewe mwanga usiku ili wafidie. Maji yabaki muda wote, tena ya baridi. Katika hewa ya kawaida kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto likipanda unywaji huo unaongezeka sana. Tangi la plastiki lililoachwa juani linatoa maji ambayo kuku anayaonja na kuyaacha.

Mtego uko kwenye kurudisha. Kuku walioshinda na njaa wakiona chakula wanavamia, wanapandana, wanachubuana migongo, na kwenye purukushani hiyo joto linapanda upya. Ukirudisha mapema, kabla hewa haijapoa, unaweza kupoteza wengi kuliko ungewaacha wale tu. Rudisha ukiwa na vyombo vya kutosha kuku wote kula kwa pamoja, si nusu yao.

Na ile tabia ya kuwabembeleza kuku kwa chakula kipya mchana kwa sababu "leo hawali"? Kuku anayeacha kula kwenye joto anafunga bomba la juu mwenyewe. Anafanya jambo la akili kuliko mwenye banda.

Lakini hii ni huduma ya kwanza. Kuku hajabadilika chochote; ameondolewa tu kuni kwa siku hiyo. Ushauri ule wa "wabanie mapema" unadai jambo kubwa zaidi, kwamba ukimgusa kifaranga wiki ya kwanza, kuku wa wiki ya sita atakuwa na mwili unaopambana na joto kwa namna tofauti.

Saa za kwanza si za kubana

Kabla ya kufika huko, lazima nimshike mkono mfugaji wa kwanza, maana kosa lake ndilo nakutana nalo zaidi.

Kifaranga anaanguliwa akiwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni. Akiba hiyo inaweza kumweka hai kwa siku mbili hadi tatu, na ndiyo inayowezesha vifaranga kusafirishwa mbali bila chakula. Kutokana na ukweli huo watu wakajenga imani: kwamba kiini lazima kiishe kwanza ndipo kifaranga alishwe, kwamba chakula cha haraka kitaoza tumboni, kwamba siku ya kwanza ni ya kusafisha utumbo kwa maji ya glukosi.

Mambo yako kinyume. Kifaranga anayekula mapema hutumia kiini chake haraka zaidi kuliko anayefungishwa, kwa sababu chakula kikianza kupita, utumbo unaanza kusukuma na kiini kinavutwa kuingia kwenye kazi. Kiini kile pia kina kinga alizorithi kutoka kwa mama. Ni hasara kukitumia chote kama mafuta ya taa ya kumweka hai. Utumbo wenyewe unakua kwa kasi kubwa siku hizo za mwanzo, vile vinyweleo vya kufyonza chakula vinarefuka, na vinahitaji chakula kiwepo ili virefuke vizuri. Siku inayopotea hapo ni ngumu kuirudisha.

Kwa hiyo vifaranga wakifika: joto la kutosha, maji, na chakula mara moja, kingine kimwagwe kwenye karatasi ili wakione. Baada ya saa 24, wapapase gole. Karibu wote wanatakiwa kuwa na gole lililojaa na laini, mchanganyiko wa chakula na maji. Likiwa gumu, hawajapata maji. Likiwa tupu, hawajaona chakula au wana baridi. Kubana chakula kokote utakakokusikia katika makala hii kunaanza baada ya hapo, kwa kifaranga ambaye utumbo wake tayari umewashwa.

Siku ya 4, 5 na 6

Sasa jambo lenyewe. Katika majaribio yaliyojulikana sana, hasa ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Putra nchini Malaysia mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, vifaranga wa kuku wa nyama walipunguziwa chakula kwa asilimia 60 kwa siku tatu tu: siku ya 4, ya 5 na ya 6. Baada ya hapo walikula watakavyo mpaka mwisho. Walipofikisha wiki tano na kuendelea wakapelekwa kwenye joto kali pamoja na wenzao ambao hawakuwahi kubanwa. Waliobanwa utotoni walistahimili vizuri zaidi, kwa kuishi na kwa kukua.

Siku tatu za njaa kiasi, na mwili unazikumbuka mwezi mmoja baadaye. Inawezekanaje?

Mtu anayeanza kulima kwa jembe la mkono akilima kidogo kila siku, viganja vinaota sugu. Akilima shamba zima siku ya kwanza, vinatoka malengelenge na kesho hawezi kushika hata kijiko. Jembe ni lilelile na kiganja ni kilekile. Kilichotofautiana ni kiasi na muda. Njaa ya kipimo kwa kifaranga ni msukosuko mdogo wa aina hiyo. Mwili unashtuka, homoni za msukosuko zinapanda kidogo, mashine za kujilinda zinawashwa, kisha hali inarudi kuwa ya kawaida. Na wiki ya kwanza ni wakati wa pekee kwa sababu kifaranga bado hajakamilisha mfumo wa kujirekebishia joto. Mwanzoni anategemea joto la taa au la mama. Ubongo bado unajipangia ni kiwango gani cha shida kiitwe shida. Ukichelewa, udongo wa kufinyanga umeshakauka.

Moja ya mashine hizo za kujilinda inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo watafiti wale waliyoipima. Chukua yai bichi, lipasue kwenye kikaango. Ute uliokuwa maji meupe yanayopenyeza mwanga unageuka mweupe mzito. Hizo ni protini zimepoteza umbo lake kwa joto, na hazirudi. Ndani ya seli za kuku mzima kuna maelfu ya protini zenye kazi zake, na joto la mwili linapopanda, baadhi zinaanza kulegea na kuharibika umbo muda mrefu kabla ya kufikia kiwango cha kikaango. Seli ina askari wa kuzuia hilo. Wanaitwa protini za mshtuko wa joto. Wanazishika protini zilizolegea, wanazikunja upya, na zilizoharibika kabisa wanasaidia ziondolewe.

Ziligunduliwa kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za nzi wa matunda, na kifaa cha kuwatunzia kilikuwa kimepandishwa joto bila yeye kujua. Akaona kwenye kromosomu uvimbe mahali ambapo haukuwepo, dalili kwamba jeni za hapo zilikuwa zimewashwa. Alichapisha matokeo hayo 1962. Baadaye ikaonekana kwamba karibu kila kiumbe, kuanzia bakteria mpaka binadamu, kina protini hizo. Ile inayotajwa zaidi kwa kuku huitwa HSP70, na 70 ni kipimo cha uzito wa molekuli yake.

Vifaranga waliobanwa chakula utotoni, walipokuja kukutana na joto ukubwani, walionyesha mwitikio mkubwa zaidi wa HSP70. Kwa lugha ya mtaani, askari walitoka kwa wingi. Sidhani kama hiyo ndiyo sababu pekee. Kuku aliyepunguziwa mwendo mwanzoni pia anapata nafasi ya kujenga moyo na mapafu kabla ya mzigo wa nyama, na ndiyo maana mbinu hiihii ilitumiwa miaka mingi kupunguza ugonjwa wa maji tumboni, vifo vya ghafla na miguu mibovu. Lakini HSP70 inaonyesha kitu kimoja muhimu: ndani ya kuku kuna kilichobadilika.

Njia ya pili ya kufikia hapohapo ni joto lenyewe. Marekani mwaka 1988 na Israeli miaka ya 1990, watafiti waliweka vifaranga wa siku tatu hadi tano kwenye nyuzi 36 hadi 38 kwa saa 24, na wakiwa wakubwa walivumilia joto vizuri zaidi. Kisayansi inavutia. Kwa banda lisilo na kipimajoto cha kuaminika wala namna ya kushusha joto kwa haraka, ni mchezo wa hatari, na nisingemshauri mtu. Chakula unaweza kukipima kwa mizani ya jikoni.

Na uzito je?

Mfugaji wa tatu bado anasubiri. Kifaranga wa kuku wa nyama anaanguliwa na gramu 40 na kitu, na kwa wiki moja anaongezeka zaidi ya mara nne. Ukimbana siku tatu ndani ya wiki hiyo, siku ya 7 atakuwa mdogo kuliko mwenzake. Hilo halina ubishi, na utaliona kwa macho.

Kinachofuata huitwa ukuaji wa kufidia. Chakula kikirudi, kifaranga anakula na kukua kwa kasi kuliko ambavyo angekua, akikimbilia mstari ambao mwili wake ulikuwa umeupanga. Mara nyingi pia anatumia chakula vizuri zaidi, kwa sababu kwa siku zile alikuwa na mwili mdogo wa kuutunza. Neno la kuzingatia ni "muda". Kuku atakayeuzwa wiki ya sita au ya saba ana nafasi nzuri ya kufidia. Atakayeuzwa siku ya 30 akiwa mdogo, huenda asifike. Kwa hiyo mtu akikwambia amejaribu na kuku wakadumaa, muulize aliwabana siku ngapi na akawauza lini, kabla ya kuamua nani mwongo. Siku tatu si wiki mbili. Na kudumaa kunakotokana na chakula hafifu, au vyombo vilivyokauka kwa sababu mtu alichelewa kuamka, hakuna utafiti wowote uliokusifia.

Hesabu nayo huwachanganya watu. Kupunguza asilimia 60 maana yake ni kuwapa asilimia 40 tu ya walichokuwa wakila. Tuseme vifaranga wako mia moja wanakula kilo 2 kwa siku wakiwa huru, yaani gramu 20 kila mmoja. Utawapa gramu 800. Usikisie kwa kopo. Na huwezi kujua walikuwa wanakula kiasi gani kama siku ya 2 na ya 3 hukupima ulichoweka na kilichobaki, tena huku ukikumbuka kwamba kila siku wanaongeza.

Gramu hizo 800 zigawanywe mara mbili au tatu, na hapa vyombo ndivyo vinavyoamua kila kitu. Vifaranga wote wale kwa wakati mmoja. Chombo kikiwa kimoja, wenye nguvu watakula kama kawaida na wanyonge hawatapata kitu, na utakuwa na kundi la marefu na mafupi mpaka siku ya kuuza. Maji yasikatwe hata kwa saa moja. Na joto la kulelea liangaliwe kuliko siku zote, kwa sababu kifaranga mwenye njaa anapoa haraka. Ukiona wamejikusanya chini ya taa na kulia, huo ni msukosuko wa pili juu ya wa kwanza, na malengelenge yako njiani. Matandiko yafunikwe kwa karatasi kama unaweza, maana njaa huwafanya wadonoe maranda.

Kuna ambao sitawaambia wajaribu kabisa. Vifaranga waliofika wamechoka na safari, wanaoharisha, ambao wenzao walikuwa wakifa siku za mwanzo, au walio katika siku za chanjo: hao wape chakula chote wanachotaka. Msimu wa baridi pia hakuna sababu. Unalipa gharama ya kinga ambayo hutaitumia. Banda lisilopitisha hewa, lililosongamana kuku, halitaokolewa na HSP70. Kuku aliyefundishwa joto anaongezewa nafasi kidogo kabla ya tangi kufurika. Hapewi tangi jipya.

Kama nia ipo na msimu wa joto unakuja, usibane kundi zima. Tenga banda kwa wavu, nusu wale watakavyo, nusu uwapimie siku ya 4, 5 na 6. Siku ya 7 pima uzito wa vifaranga ishirini au thelathini kila upande, uwachukue bila kuchagua, halafu urudie kila wiki. Andika vifo na siku vilipotokea, na joto la bandani la siku hiyo. Ikifika wiki ya tano na upande uliobanwa bado uko nyuma kwa gramu nyingi, na wanunuzi wako huchukua kuku wiki hiyohiyo, mbinu hii si ya ratiba yako. Baki na kunyanyua vyombo saa 2 asubuhi.